Mvua ya Bwana Miluzi

Kisiwa cha Mahe, Shelisheli
17 Mei 1964

Kwa abayo Dahabo, dada yangu mkubwa asiyekosea,

Assalam aleikum. Mimi ni mzima, ila sijakauka tangu nishuke melini. Natumaini watoto hawajambo, kikohozi cha Rukia kimepungua, na madereva wa malori bado wanakunywa chai kwako ingawa sukari unaitia kwa ubahili. Nisalimie Eldoret nzima, pamoja na wale wanaosema nimekimbia.

Ng'ombe walifika salama, isipokuwa yule mwenye pembe moja. Alijitosa baharini safari ilipoanza tu, na simlaumu. Bwana Miluzi, mzungu wetu wa shamba la Kesses, naye hajambo. Bado anawaita ng'ombe na watu kwa mluzi ule ule, lakini watu wa hapa hawageuki. Wanasema Kifaransa cha kwao, wanacheka sana, na kila chakula wanakitia samaki. Hata nikikataa samaki, wananiletea kidogo nionje.

Uliuliza hali ya hewa. Hapa kuna upepo tu. Umeanza mwezi huu kutoka kusini-mashariki, na mabaharia Waswahili bandarini wanauita kusi. Unavuma mchana na usiku, na unakuja na chumvi. Kengele za ng'ombe zimeshika kutu. Kiberiti hakiwaki. Viatu vyangu vimeota ukungu wa kijani, na mabati ya zizi, ambayo ni mapya kabisa, yameanza kuwa mekundu. Nguo nikianika asubuhi, jioni naianua kambani ikiwa na maji kuliko nilivyoianika.

Kuhusu jambo letu, usiwe na wasiwasi. Unakumbuka Miluzi alivyosema kule Kesses siku ya kuondoka, mbele ya watu wote: "Nur, wewe kuja na mimi, angalia ng'ombe. Mvua kwisha, mimi andika barua. Ile ekari kumi chini ya josho ya ng'ombe iko yako." Mvua za kwetu huisha karibu na Oktoba. Basi Oktoba ataandika, na pale alipozikwa baba patakuwa petu. Nikirudi nitajenga nyumba karibu naye.

Mdogo wako,
Nur


Eldoret
2 Agosti 1964

Kwa Nur, mtoto wa mama yangu,

Aleikum salaam. Barua yako imefika ikinuka samaki. Rukia amepona, kikohozi amekirithi mdogo wake. Binamu yetu Mahamud ameoa tena, mke wa tatu huyu, na lori lake bado halina breki. Mvua huku ni nzuri. Mahindi ya Kesses yamenipita kimo, jambo ambalo si gumu.

Sasa nisikilize. Wanunuzi wa shamba wameshaingia. Ni kampuni ya watu wengi wenye hisa. Wengine wametoka Kiambu na Nyeri, wengine ni majirani zetu Wanandi. Mwenyekiti wao ni Mzee Thuo, mtu wa adabu, na chai anakunywa kwangu. Ndiyo maana inaniuma zaidi, kwa sababu hata kumchukia siwezi. Alikuja juzi akakaa, akakoroga chai muda mrefu, ndipo akasema: "Mama Dahabo, mimi sina ubaya na wewe. Lakini kamati itapima shamba lote baada ya Krismasi. Kama hakuna karatasi ya mzungu, hakuna kona ya mtu. Trekta itapita tu."

Nikamwambia baba yetu amelala humo. Akasema pole, akaomba sukari nyingine.

Ila alinieleza jambo moja. Hati ya shamba bado ina jina la Miluzi mpaka ununuzi ukamilike, kwa hiyo akiandika leo kwamba ekari kumi amezitenga, kamati italazimika kumsikiliza. Akichelewa, hilo halitakuwapo tena. Kwa hiyo sitaki habari za upepo, Nur. Nataka karatasi. Baba hakuchunga ng'ombe wa mtu huyo mpaka mgongo ukapinda ili aje alale chini ya viazi vya watu. Na usiniulize siku hizi ninalala wapi.

Dada yako,
Dahabo


Mahe
4 Oktoba 1964

Abayo,

Salamu nyingi. Barua yako ilichelewa kwa sababu meli ilichelewa, na meli ilichelewa kwa sababu ya bahari, na nikiuliza bahari ina nini naonyeshwa upepo. Hapa kila kosa linasukumiwa upepo, na hakuna wa kuuita barazani ujibu. Mpe Mahamud pongezi. Mpe na breki.

Nilimwendea Bwana Miluzi siku ile ile. Nikamwambia, bwana, huko Kesses mvua inaisha sasa, nimekuja kwa ile barua. Akatazama dirishani. Nje ilikuwa inanyesha.

"Mvua bado, Nur. Hapana ona?"

Nikasema, bwana, mvua tuliyoisema ni ya Kesses. Akacheka mpaka akakohoa. "Hapana. Mvua iko pale mtu nasimama."

Ni lazima nikueleze huyu mtu anasimama wapi. Kisiwa hiki ni mlima uliotoka baharini. Kusi inalisukuma wingu kutoka baharini, wingu linagonga mlima na kumwaga kila kitu. Miluzi, katika kisiwa kizima chenye fukwe na jua, amejenga juu mlimani upande wa upepo, ndani ya wingu lenyewe, kwa sababu anataka baridi ya kumkumbusha Kesses. Utadhani kuna mtu alimfukuza Kesses. Ukishuka upande wa pili mpaka gatini, ni kukavu. Unaweza kusimama pale kofia yako imekauka, ukitazama juu unaona nyumba yetu inanyeshewa. Wenyeji wanasema msimu huu wa kusi ndio kiangazi. Abayo, kiangazi chenyewe kinanyesha. Masika yao yanakuja Desemba, upepo ukigeuka.

Siagi haigandi, ng'ombe wamekonda, na jioni Miluzi anakunywa peke yake barazani. Hamtaji mke wake aliyemwacha. Anamtaja Meja, yule mbwa wake. Meja alikuwa hivi, Meja alikuwa vile. Mimi nasimama pale na taa nikisikiliza habari za mbwa, nami namfikiria baba. Nikirudi nitakuhadithia mengine ambayo hayaandikiki. Kwanza nijibu, unalala wapi?

Nur


Kesses
22 Novemba 1964

Kwa Nur,

Umeona nilipoandikia, basi umejibiwa. Nimejenga kibanda chini ya josho, hatua chache tu kutoka kwa baba. Duka la chai analiangalia mke wa pili wa Mahamud, ambaye ana akili kuliko mume. Watoto wanasoma, wanakula, wananilalamikia. Jirani yangu Chelimo aliniletea mabua ya kuezekea na maziwa ya kibuyu, akasema nina wazimu, akaketi tukanywa. Mvua ya huku imeisha kabisa, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Mwambie Miluzi hivyo, ingawa najua atatazama dirishani.

Mimi kila asubuhi nikitoka nje naona makaburi mawili. La baba ni yale mawe ya mtoni tuliyobeba mimi na wewe. Lingine ni la Meja, kwa sababu Miluzi alipenda kivuli cha hapo, na alimleta mbwa wake miezi michache tu baada ya baba kuzikwa. Tulipomwomba amzike mbali kidogo alipiga mluzi akaenda zake. Jiwe la Meja limechongwa, lina jina, lina waridi pembeni. Baba ambaye akiguswa na mbwa alikuwa akijiosha mara saba. Na zaidi ya yote, mbwa aliitwa Meja, lakini baba aliitwa boi mpaka ndevu zikawa nyeupe. Hasira hii sijui niiweke wapi, kwa hiyo nimeipandia sukuma wiki.

Sasa nimefikiri, na usinibishie. Usimtajie baba tena. Umemtaja vya kutosha na hakuna kilichotoka. Mwambie kamati inapima baada ya Krismasi, trekta itaanzia chini ya josho, na hapo patapandwa viazi. Mwambie Meja atalimwa. Sema hilo tu kisha unyamaze, hata akikuuliza.

Najua ni aibu. Nimeikalia aibu hiyo usiku kucha na asubuhi nikaona bado ni ndogo kuliko ekari kumi.

Dahabo


Mahe
31 Januari 1965

Abayo Dahabo,

Salamu. Karatasi hiyo umeiona, imo ndani ya bahasha hii. Mpelekee Mzee Thuo mwenyewe mkononi, usimpe Mahamud.

Nilisema kama ulivyoagiza, nikanyamaza. Miluzi aliweka glasi chini. Akauliza ni trekta gani. Nikanyamaza. Akalia, abayo, mtu mzima yule, akaniambia nilete taa karibu, nilete na kalamu. Ameandika ekari kumi kulizunguka kaburi la Meja ziwe za Nur Aden, ili kaburi litunzwe. Baba hakutajwa. Nimeisoma tena na tena nikimtafuta na hayumo.

Upepo umegeuka, sasa unatoka kaskazini-magharibi, na hii ndiyo mvua yao ya kweli. Ile ya mwaka jana ilikuwa ya kujipima tu. Ng'ombe wanahitaji mtu wa kuwaangalia. Mwambie Rukia akue vizuri, asome. Waangalie wote.

Nur


Kesses
4 Aprili 1965

Kwa Nur,

Aleikum salaam, ingawa salamu yenyewe ulinipa nusu. Sote wazima. Mahamud lori limemshinda kwenye mteremko na limelala ndani ya mto. Yeye hakuumia, wake zake wote watatu walimcheka pamoja na sasa wamekuwa marafiki.

Karatasi ilifanya kazi. Mzee Thuo aliisoma, akaivuta karibu na macho, akaniuliza Meja ni nani. Nikasema ni mtu wa Miluzi. Akaipeleka kwa kamati, kamati ikamleta saveya, jina lake Ogola, mrefu, mpole, suruali imejaa matope. Alipofika kwenye lile jiwe alivua kofia.

"Pole, mama. Alikuwa mtoto wa mzungu?"

"Alipendwa sana," nikasema, na huo si uongo.

Akavaa kofia, akaanza kuvuta mnyororo wake wa kupimia. Halafu akayaona yale mawe ya mtoni. "Na hapa je?"

"Huyo ni baba yangu."

Akaivua kofia tena. Nur, nilikoka moto. Nilimtengenezea chai na sukari nikamwachia kopo zima. Vigingi vimeshapigwa, pande zote nne, na kamati imeandika. Hakuna anayeweza kuving'oa sasa, hata Miluzi mwenyewe. Waridi za Meja nazimwagilia, maana ndilo sharti, na ninazimwagilia nikimtukana.

Sasa nijibu. Nimezipanga barua zako kitandani. Katika kila moja kuna neno "nikirudi". Nikirudi nitajenga, nikirudi nitakuhadithia. Hii ya mwisho haina. Namjua Miluzi, hata maganda ya mahindi hatoi bure. Ulimpa nini?

Dahabo


Mahe
6 Juni 1965

Abayo,

Nilitaka kuanza na habari za watoto lakini najua utaruka mstari.

Kabla ya kutia sahihi aliinua kalamu akaniambia: "Mimi sign leo. Wewe kaa hapa na ng'ombe mpaka mvua kwisha." Nami nikasema ndiyo.

Usinikasirikie. Wino ulikuwa unakaribia kukauka kwenye kalamu, na mimi nilimwona baba chini ya viazi. Nilifikiri mtu mmoja akibaki huku na mmoja akalala salama huko, si hesabu mbaya. Sasa kusi imerudi. Wingu liko juu ya paa, zizi linavuja, na ukungu wa viatu vyangu umehamia kwenye mkanda. Meli ikija nashuka bandarini kuchukua chumvi ya ng'ombe, naitazama ikiondoka, napanda mlima tena. Sikuapa, lakini neno nililitoa, na baba alitufundisha neno ni nini. Yeye mwenyewe alilishika kwa watu ambao hawakumstahili.

Nimechoka, abayo. Nimekumbuka vumbi. Nilikuwa nalichukia.

Wewe jenga. Usinisubiri.

Nur


Kesses
25 Julai 1965

Kwa Nur, mpumbavu wa mama yangu,

Nimelia siku moja, siku ya pili nimefua nguo, siku ya tatu nimekaa kuandika. Watoto wazima. Huku inanyesha tangu asubuhi, kibanda kinavuja juu ya kitanda, kwa hiyo usidhani wewe peke yako ndiye uliyelowa.

Hiyo hesabu yako ya mmoja abaki mmoja alale salama ni mbaya sana. Baba amekufa, Nur. Yeye hana haja ya kukuona ukirudi. Mimi ndiye mwenye haja. Ekari kumi bila ndugu yangu ni mahali pakubwa pa kuzunguka peke yangu na kaburi la mbwa.

Sitakwambia uvunje neno. Lakini nimesoma barua yako ya Oktoba mwaka jana, ile niliyoitukana ilipofika. Miluzi alikwambia mvua iko pale mtu aliposimama. Yeye ndiye aliyeiweka sheria hiyo, si mimi. Basi nakuuliza, wewe si mtu? Huna pa kusimama? Kisiwa kizima, na umechagua kusimama pale pale aliposimama yeye?

Nasubiri.

Dahabo


Mombasa
19 Septemba 1965

Kwa abayo Dahabo, asiyekosea,

Assalam aleikum. Angalia hapo juu barua inatoka wapi, kisha ukae chini, maana najua umesimama.

Barua yako ilikuja na meli, nami niliisoma pale pale gatini nikiwa nimekalia gunia la chumvi. Nikaisoma tena. Nikavua kofia, nikaishika. Ilikuwa kavu. Nikapanda mlimani, nikamkuta Miluzi barazani na koti la mvua, nikamwambia mifuko ya chumvi ina mashaka, aje aikague mwenyewe kabla meli haijaondoka. Ng'ombe nilikuwa nimeshawakabidhi kwa mtu wa hapa niliyemfundisha, ambaye anapiga mluzi vizuri kuliko Miluzi. Sanduku langu lilitangulia kwa mlango wa nyuma.

Tulishuka. Ukipita ile kona ya mwisho, wingu linabaki nyuma yako na jua linakupiga usoni. Tulisimama gatini, yeye na koti lake la mvua, watu wa boti wakimtazama. Nikasema, "Bwana, mvua iko?"

Akatazama juu, akatazama mikono yake. "Mvua iko kule mlima."

"Lakini mtu anasimama hapa."

Alilitazama koti lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo. Hakutukana. Alivua koti, akalikunja. Akaniuliza, "Meja iko mzuri?"

Nikasema yuko vizuri, dada yangu anamwagilia waridi. Sikumwambia unavyosema wakati wa kumwagilia. Akatikisa kichwa, akatazama bahari, akasema, "Na Mzee Aden?"

Abayo, maisha yangu yote sikuwahi kusikia jina la baba likitoka kinywani mwake. Sikujua hata kama analijua. Nikasema yuko vizuri, wako pamoja. Nikaingia kwenye boti, kwa sababu ningebaki pale ningelia mbele yake, na sikutaka ayaone machozi yangu.

Tulipofika katikati ya maji alipiga mluzi. Si ule wa kuita. Ulikuwa ule wa jioni, wa kuwaambia ng'ombe waende nyumbani. Sikugeuka, lakini nilinyoosha mkono juu mpaka sauti ikapotea.

Kesho napanda gari moshi. Mwambie Mahamud asije kunichukua stesheni, nataka kufika nikiwa hai. Usichinje kitu, usipike samaki wa aina yoyote. Weka chai, na sukari uiweke pale ninapoweza kuifikia mwenyewe.

Wenye duka hapa wanasema Eldoret bado inanyesha, mvua kubwa kila siku. Iache inyeshe.

Nur